Muthoni Nyanjiru na Maana ya Jina Lake

Msomaji, mimi ni mtu wa pwani, lakini ni miaka mingi sasa tangu nilipopanga nyumba huku Kabiria, upande wa Riruta, magharibi mwa jiji la Nairobi. Mtu akikaa na watu muda mrefu hana budi kujifunza vicheko vyao na vilio vyao. Masika yaliyopita alizaliwa mtoto katika ploti yetu. Sikuambiwa na mtu kwamba ni wa kike. Nilikuwa nimeketi barazani na kikombe cha kahawa, nikasikia wanawake wakipiga vigelegele, nikahesabu: kimoja, viwili, vitatu, kimya. Lau angalikuwa wa kiume vingalikuwa vitano. Ndiyo ada ya Wakikuyu tangu zamani, na hata hapa mjini wako wanaoishika.

Nilipokwenda kutoa hongera nikauliza jina. Nikaambiwa ni Muthoni. Nikauliza tena, kama tuulizavyo sisi, nani aliyemchagulia. Wanawake wakacheka. Shosho mwenye ploti, na shosho ndivyo waitwavyo mabibi hapa Nairobi, akanieleza kwa upole kama anayemfunza mtoto kwamba hakuna aliyechagua. Binti wa kwanza ni wa mamake baba, wa pili ni wa mamake mama, na wanaofuata huchukua majina ya shangazi na mama wadogo. Mamake baba wa mtoto yule anaitwa Muthoni, basi mtoto ni Muthoni, na neno limekwisha. Tena baba mtu hamwiti bintiye kwa jina. Humwita maitu, yaani mama yangu.

Nikauliza maana. Shosho akasema mũthoni ni mkwe. Aliyekuoza binti yake, aliyekuolea wa kwako, ndugu zao na jamaa zao, wote hao ni athoni. Nikamshukuru nikarudi barazani. Ndipo neno likanipiga sikioni, kwa sababu nilikuwa nalijua tangu utotoni na sikuwa na habari.

Kikuyu na Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja, na th yao mara nyingi ni s yetu. Sisi twasema kisima, wao husema gĩthima. Basi chukua thoni, ukaiandike kwa s. Itakuwa soni. Na soni, kwa yeyote aliyefunzwa adabu na wazazi wa pwani, ni haya, ni ile hali ya uso kuinama wenyewe. Wakamba husema nthoni, Waganda ensonyi, Wanyarwanda isoni, na ukenda mpaka kwa Wazulu kule kusini utawakuta na amahloni. Neno hili limetembea bara zima pamoja na watu wenyewe. Mũthoni, basi, ni mtu wa soni, mtu ambaye ukiwa mbele yake huna budi kuona haya. Hali mbele yako, humpiti njiani kama mpita njia, humwoni mwili wake wala yeye hauoni wako. Na sisi je? Nani wa kwetu asiyejua jinsi mume anavyojikaza mbele ya mama mkwe wake? Chuoni kwa maalim tulifunzwa kwamba haya ni sehemu ya imani. Wakikuyu nao wakaitia haya katika jina la ukoo wa ndoa, kisha wakampa mtoto wa kike alibebe.

Nayaeleza haya kwa sababu ya mwanamke mmoja aliyeitwa Muthoni. Katika mji huu wa Nairobi, kiasi cha maili saba toka hapa Kabiria, mwanamke huyu alifanya jambo ambalo asiyejua maana ya jina lake hawezi kuujua uzito wake.

Jina lake kamili lilikuwa Mary Muthoni Nyanjiru. Mary ni la ubatizo. Muthoni tumekwisha kulieleza. Nyanjiru ni dada wa Wanjiru, jina ambalo ukisimama hapa stendi ya matatu ukaliita kwa sauti watageuka wanawake watano. Asili yake ni njirũ, nyeusi. Mbele ya neno wengine hutia Wa, wengine Nya, kama Nyambura, wa mvua, na Nyawira, wa kazi, na Nyokabi, wa Umaasaini. Siku hizi wasichana wa mjini hulikata wakabaki na Ciru, nawe usilitamke kama lilivyoandikwa, maana c yao yakaribia sh yetu. Ndiyo sababu wengine huliandika Shiru.

Hadithi ya Wakikuyu yasema Gikuyu na Mumbi, wazazi wa kabila lote, walizaa mabinti pale Mukurwe wa Nyagathanga, Murang'a. Walikuwa kenda, au kenda waliojaa, yaani kumi ambao hawahesabiwi kumi kwa kuogopa kisirani cha kuhesabu watu. Kila binti ndiye mama wa ukoo. Wanjiru ndiye mama wa ukoo wa Anjiru, na wenziwe ni akina Wambui, Njeri, Wanjiku, Wairimu, Wangari na wengineo. Hebu fikiri, msomaji: kabila ambalo wanaume ndio wakuu wa nyumba, na koo zake zote zina majina ya wanawake.

Kuna na kisa kingine cha Wanjiru, ambacho Bwana Routledge na mkewe walikiandika katika kitabu chao cha mwaka 1910. Mvua ilikatika miaka mitatu. Watu wakaambiwa mvua haiji mpaka Wanjiru anunuliwe, kila jamaa ilete mbuzi. Wakakusanyika, msichana akasimamishwa katikati, na kadiri mbuzi walivyotolewa ndivyo alivyozama ardhini, magoti, kiuno, shingo, naye akilia kwamba amepotea na jamaa zake wakipokea mbuzi. Akazama kabisa, mvua ikanyesha. Kijana mmoja aliyempenda ndiye aliyemfuata chini akamrudisha. Mimi kisa hiki hunitia uchungu kila nikikikumbuka, kwa ajili ya wale waliosimama pembeni wakitazama.

Muthoni Nyanjiru alitoka Weithaga, wilaya ya Murang'a, ambayo wakati ule ikiitwa Fort Hall. Weithaga ilikuwa na misheni ya Kiingereza tangu 1903. Pande hizo hizo ndiko alikotawala Wangu wa Makeri, mwanamke aliyekuwa mkubwa wa serikali mwanzoni mwa karne ile mpaka 1909. Kwa hiyo watu wa Weithaga hawakuwa wageni wa mwanamke mwenye sauti. Nyanjiru akaja Nairobi. Mji ule wa miaka ya 1920 ulikuwa wa reli, ofisi na maduka ya Wahindi, na vitongoji vya Waafrika kama Pangani ambako wanawake wengine walijijengea nyumba zao wenyewe wakapangisha. Mwanamke aliyekuja mjini alikuwa ameondoka chini ya macho ya wakwe na wazee, na kwa hiyo alitazamwa kwa shaka na kila mtu, Mzungu na Mwafrika.

Miaka ile ilikuwa ya dhiki. Baada ya vita vya kwanza vya dunia kodi ilipandishwa ikafika shilingi 16. Kipande kikatiwa shingoni mwa wanaume kuanzia 1919 na 1920. Mwaka 1921 masetla wakakubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi nzima. Na kulikuwa na jambo jingine lililowauma wanawake kuliko hayo yote. Wazee wa serikali na vijana wao walikuwa wakipeleka wake na mabinti za watu kwa nguvu kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu, na huko walivunjiwa heshima. Msichana aliyelelewa asimpite mkwewe njiani alilazwa kambini katikati ya wanaume asiowajua.

Aliyelisema hili hadharani alikuwa kijana Harry Thuku wa Kambui, karani wa simu katika Hazina ya serikali mjini Nairobi. Juni 1921 aliunda chama cha vijana wa Kikuyu, na muda si mrefu kikawa East African Association, kilichowachanganya watu wa makabila na dini mbalimbali. Mwezi huo wa Juni machifu walikutana hapa Dagoretti kutoa malalamiko yao. Thuku akapeleka simu London, na machifu wakakasirika kwamba kijana amewapita. Mkubwa wao alikuwa Kinyanjui wa Gathirimu, ambaye mji wake ulikuwa pande zetu hizi. Yeye na wenzake wakasimama upande wa serikali. Kinyanjui alifariki 1929, na chuo cha ufundi kilicho hapa Kabiria kina jina lake. Sitii chumvi yangu hapo. Nataja tu kwamba jina lake liko langoni, limeandikwa kwa rangi.

Februari 1922 Thuku alikwenda Weithaga akahutubia umati mkubwa, na habari ya wasichana wa mashambani ilikuwa katika hotuba zake. Wanawake walimpenda. Siku ya Jumanne tarehe 14 Machi, 1922, serikali ikamkamata na kumfunga kituo cha polisi karibu na Hoteli ya Norfolk. Siku ya pili watumishi wa mji wakaacha kazi, wapishi na madobi na makarani, wakakusanyika nje ya kituo. Wakaomba dua. Walikuwako Wakristo, walikuwako na Waislamu. Alhamisi asubuhi umati ukawa mkubwa zaidi, watu kiasi cha elfu saba au nane, na wanawake wasiopungua mia na zaidi.

Wanaume sita wakachaguliwa kwenda kumwona Bwana Bowring, Katibu wa Koloni. Wakarudi na maneno laini: Thuku hatadhurika, kesi yake itasikizwa, watu waende majumbani. Wajumbe wenyewe wakawaomba watu watawanyike. Wengine wakaanza kunyanyuka, wakijipangusa vumbi. Wanawake wakaona kwamba wajumbe wamelainishwa huko walikokwenda, na maneno yakaanza kupanda.

Ndipo Muthoni Nyanjiru akasimama. Akaishika nguo yake akaipandisha mpaka juu ya mabega. Akawaambia wanaume waichukue nguo ile wavae wao, nao wampe yeye suruali zao, kwa kuwa ni waoga. Akawauliza wangoja nini na kiongozi wao yumo mle ndani, waende wakamtoe.

Mwandishi wa habari anaweza kuandika kwamba mwanamke alivua nguo akatukana wanaume, akaishia hapo, na wengi wamefanya hivyo. Lakini Wakikuyu wana jina la kitendo hicho: guturama. Hakifanywi kwa mzaha wala kwa ulevi. Ni silaha ya mwisho ya mwanamke aliyekwisha kusema yote yasisikizwe. Anamwonyesha mwanamume pale alipotokea yeye na baba yake, na aliyeonyeshwa hubaki na laana kichwani. Sasa weka na jina lake. Umati ule ulikuwa umejaa athoni wa kila mtu. Mwanamke aitwaye mkwe, mwanamke ambaye jina lake lenyewe laamrisha macho kuinama, aliipandisha nguo mchana kweupe mbele ya wakwe zake wote. Soni aliyokuwa amepewa aibebe tangu siku ya kuzaliwa aliivua, akawatwika wanaume. Hapakuwa na mmoja wao aliyeweza kuondoka akaenda nyumbani baada ya hapo. Angekwenda kula chakula cha nani?

Wanawake walipiga vigelegele kwa mamia. Umati ukasogea, ukasogea, mpaka singe za askari zikawa karibu na koo za waliotangulia. Bunduki zikalia. Muthoni Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Watu wakakimbia, na waliokuwapo walisimulia kwamba Wazungu waliokuwa barazani mwa Norfolk nao walifyatua risasi zao migongoni mwa waliokimbia. Serikali ilitoa hesabu ya maiti 21, wanne wao wanawake. Job Muchuchu, mmoja wa wafuasi wa Thuku, alikwenda chumba cha maiti akahesabu 56. Baina ya hesabu hizo mbili wamo watu 35, na kila mmoja alikuwa na jina la nyanya au babu.

Thuku naye akapandishwa gari la moshi, akaletwa kwetu pwani, akatiwa chomboni mpaka Kismayu, ambayo siku zile ilikuwa bado Kenya. Mwaka 1925 Jubaland ilipotolewa kwa Waitaliani akahamishiwa Lamu, kisha Witu, kisha Marsabit. Kwa hiyo wazee wetu wa Lamu walimwona kwa macho yao. Kodi ilishushwa ikawa shilingi 12. Chama chake kikavunjwa. Wanawake wa Kikuyu wakatunga wimbo wa siku ile, Kanyegenyuri, wenye maneno ya kejeli na ya mwilini ambayo hayafai ukurasa huu, na serikali ikaupiga marufuku. Nadhani haukupigwa marufuku kwa adabu.

Thuku aliachiliwa miaka minane baadaye. Alikuwa mtu mwingine. Mwaka 1935 aliunda chama cha watiifu wa serikali, akalima kahawa yake, akawa mpinzani wa Mau Mau, na alipofariki 1970 alikuwa mzee tajiri mwenye heshima. Simlaumu sana. Miaka minane ya jangwa na joto la pwani si mchezo, na mwenye kuishi ana ruhusa ya kubadilika. Lakini njia ipitayo mbele ya Norfolk ina jina lake, nami kila nipitapo hapo huona kwamba jina limeandikwa la yule aliyekuwa ndani ya kituo, na damu ilikuwa ya waliokuwa nje.

Miaka sabini baada ya siku ile, Machi tena, mwaka 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikuwa wamepiga kambi kona ya bustani ya Uhuru, si mbali na hapo, wakikataa kula mpaka watoto wao waachiliwe. Pamoja nao alikuwapo Wangari Maathai, ambaye jina lake nalo ni la binti mwingine wa Mumbi. Tarehe 3 polisi walikuja na marungu na mabomu ya machozi. Baadhi ya wale wazee wa kike wakavua nguo zao. Askari vijana, wengi wao wa umri wa wajukuu, wakageuza nyuso. Mama hao wakahamia Kanisa la All Saints, na siku zilivyopita wafungwa wakaanza kutolewa. Hakuna aliyekuwa amewafundisha kitendo kile darasani.

Wiki mbili zilizopita nilipanda matatu kutoka Kabiria nikashuka mjini, nikatembea mpaka pale. Wanafunzi wa chuo kikuu walikuwa wakivuka barabara na mikoba yao. Kituo cha Central kipo, Norfolk ipo, mti mmoja mmoja wa zamani upo. Nilisimama kitambo kando ya njia, mtu mzima na kofia yangu ya vito, watu wakinipita. Msichana mmoja alimwita mwenzake aliyetangulia mbele, akamwita Ciru, wakageuka wawili.

Niliporudi jioni nilimweleza shosho nilikokuwa. Alikuwa akiijua habari ya Nyanjiru kuliko mimi, aliipata kwa nyanya yake. Akaniambia tu kwamba watu wa pwani twapenda kuuliza mambo ambayo kila mtu anayajua, kisha akanimiminia chai.

Mtoto wa jirani sasa anatambaa. Jumapili babake akiwa nyumbani humwita maitu, maitu, naye huja kwa magoti mpaka kizingitini, na akishika mlango akajaribu kusimama, wanawake wa ploti humpigia vigelegele vitatu.